Mswaki wa Shaame

Kazi niliyopewa pale Tumbe haikuwa na jina.
Nilipewa ndoo, kigoda kilichopungua mguu
na mswaki wa buluu, uliostaafu menoni mwa mtu.
"Anza na majike," alisema Shaame.
"Mwenye mayai hauziki, ni marufuku.
Asiye nayo, nani atajua alikuwa nayo?"

Mimi kamba koche nilimjua kwa mchuzi wa nazi,
tena kwa kusikia, maana kwetu alikuwa wa kuuzwa.
Siku ile ndiyo nilimpindua kwa mara ya kwanza.

Mgongoni ni miiba mitupu, ni ugomvi.
Miguu yake ya kutembelea ilitapatapa hewani
ikitafuta mwamba.
Lakini chini ya mkia,
pale ambapo hata mpishi hapatazami,
kuna vijiguu vingine, jozi nne,
vyepesi kama ganda la kitunguu maji.
Havitembei. Havishiki. Havijui kupigana.

Kamba wadogo wa mikokoni nao wanavyo,
kwao ni makasia: bila hivyo hawaogelei.
Koche dume naye anavyo, kipande kimoja kimoja,
vimekaa kama vibarua walioitwa wakakosa kazi.
Jike vyake ni viwiliviwili, vina nywele,
na kila unywele umebeba mayai,
laki na malaki, rangi ya mafuta ya mawese,
yamesongamana kama watoto wa chuoni
mlangoni siku ya mvua.

Na vilikuwa vikicheza.
Mbele, nyuma. Mbele, nyuma.
Ndani ya beseni lisilo bahari
vilisukuma maji yale machache, ya vuguvugu,
yapite katikati ya mayai, yapate pumzi.

Nikajua. Anapepea.

Mama yangu, Kazija, alikuwa na kipepeo cha ukindu,
ukingo wake kaushonea kitambaa cha gauni langu la Idi.
Mwaka wa homa alimpepea Chumu, mdogo wangu,
usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu.
Alikihamisha mkono hadi mkono
pasipo upepo kukatika.
Alfajiri bibi akaja, akamgusa mtoto unyayo,
akasema, "Kazija. Basi, mwanangu."
Mama alisikia. Najua alisikia,
maana aliitika, "Labeka."
Mkono ukaendelea
mpaka jua likaingia kwenye tundu za makuti.

Nikasugua.
Usiniulize. Unga ulikuwa na bei yake.
Mayai yalibanduka kama uji ulioganda,
vipande vipande, yakazunguka ndooni, yakazama.
Nilidhani vijiguu vitatulia sasa.
Havikutulia.
Mbele, nyuma. Mbele, nyuma,
na nywele zake tupu.

Ishirini na mmoja niliwasugua asubuhi ile.
Wa ishirini na mbili mayai yake yalikuwa kahawia,
yamekaribia kuanguliwa. Niliposogea juani
kila moja lilikuwa na macho mawili, vitone vyeusi,
yametoka kuamka.

Nikapaza sauti: "Shaame, mswaki umevunjika!"
Nikasikia ndara zake zinakuja,
ikabidi niuvunje haraka kabla hajafika.

Aliutazama. Akanitazama.
Akaingia ndani, akarudi na mwingine,
mwekundu, mpya,
bado umo katika karatasi yake.